Ile Ndiyo Niliyokulazimisha

Mama yangu uliyelala kaburini hapa kijijini Mapera, shikamoo.

Ni mimi mwanao, katekista. Leo cheo hicho nakitaja kwa aibu.

Ulitoka Lundo, kule ziwani, ukiwa Mwanglikana, ukaolewa na baba Mkatoliki kwa ruhusa ya askofu, ukabaki na dhehebu lako. Jumapili sisi tukienda misa, wewe ulibaki na kitabu chako cha sala huku ukigeuza kahawa kichanjani. Tukirudi ulituuliza padri kahubiri nini, ukatupakulia ugali na dagaa wa kwenu. Ndugu walipokuchokonoa, baba aliwajibu kwamba Mungu hakumwajiri mtu kusukuma wenzake mlangoni. Tuliishi vizuri tu.

Baba akafa, mimi nikawa katekista, na watu wa jumuiya wakaanza utani: anafundisha kijiji kizima, mama yake kamshinda. Uliniuma utani ule. Ulipougua, nikakaa kando ya kitanda chako nikakuambia neno ambalo kwetu linatisha kuliko ugonjwa: usipohamia Kanisa letu, jumuiya haitakuzika. Hakuna atakayeimba wala kubeba jeneza. Nilikuwa naongopa, mama. Wangekuzika, walikupenda.

Ukanijibu, "Haya, baba. Andika unavyotaka."

Nikamwandikia padri kwamba umekuja kwa hiari yako. Padri akakupokea, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikavimba kichwa. Tangu siku ile sikukuona tena na kitabu chako.

Mwezi uliopita, kwenye semina ya makatekista, padri alitufundisha kwamba Kanisa lenyewe linakataza kumlazimisha mtu imani, hata kwa vitisho vidogo. Wenzangu waliandika. Mimi nilifunga daftari. Kumbe nilichokiita kukuokoa, Kanisa langu linakiita dhambi.

Nimekwenda kuungama. Nimeungama nusu, na katekista anajua kuwa nusu si maungamo.

Nusu nyingine ni hii. Siku ya mazishi ndugu zako wa Lundo waliniuliza kama uliacha neno. Nikawajibu kwamba ulikuwa umekata kauli. Hukuwa umekata. Asubuhi uliyofariki ulinishika mkono ukasema wazi kabisa, "Niitie padri wetu wa Lundo." Nilikusikia, mama. Nikafunga mlango, nikaanza rozari kwa sauti kubwa, nikasali mpaka ukanyamaza.

Kesho nashuka Lundo kuwaambia. Sijui watanipokeaje.

Ni mimi,
mwanao uliyemzaa na kumwogopa.