Fulana Mbili Chini ya Shati

Msimbazi, Dar es Salaam

Mama Neema, mke wangu,

Kabla ya salamu, nakuomba barua hii uisome mwenyewe. Najua ilivyo kwetu: barua yangu ikifika, Neema anachana bahasha, anasimama mlangoni pa jiko na kuisoma kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mama yuko pale anachambua maharage, na mke wa jirani anakumbuka ghafla kwamba alitaka kuazima chumvi. Hii isisomwe hivyo. Ingia nayo chumbani, vaa miwani, funga mlango. Hakuna aliyekufa, wala sijafukuzwa kazi. Ni habari za kifua changu, na katika dunia hii kifua hiki unakijua wewe peke yako. Au niseme ulikuwa unakijua wewe peke yako, mpaka wiki iliyopita.

Haya, hamjambo nyote? Goti la mama limetulia, au bado anaisingizia mvua? Yule ng'ombe keshazaa? Nasikia wanunuzi binafsi wa kahawa siku hizi wanafika mpaka migombani na magari yao. Wakaribishe chai, lakini usikubali neno mpaka umuulize kaka yako.

Mimi huku nakula na kulala salama. Kukaa na watu ndiko kulikonishinda.

Nilikuandikia kwamba nimehama stoo ya duka. Sikukueleza vizuri. Tangu biashara ifunguliwe, mzigo wa Dubai hauishi kushuka, na mzigo ukizidi anayetoka ni mtu. Tajiri aliniambia kwa upole, "Baba Neema, wewe na makatoni hamuenei humu." Makatoni yakabaki. Nikapata chumba kwa Bi Mwanaidi, mama wa Kizaramo mwenye nyumba yake hapa Msimbazi. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba pande mbili, korido katikati, na nyuma kuna ua wenye bomba, jiko na bafu la wote.

Sasa fikiria joto la huku, halafu fikiria mgao wa umeme. Jioni feni zikizimika, wanaume wote wanatoka uani vifua wazi, wamefunga msuli kiunoni. Wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, wanagombana juu ya mpira, upepo kidogo unawapitia. Hakuna anayemtazama mwenzake. Ndivyo wanavyoishi.

Wote isipokuwa mumeo. Mimi nakaa na shati lililofungwa mpaka kooni, na chini yake fulana mbili.

Sababu unaijua. Hizi chuchu zangu Mungu alizikadiria kwa ajili ya mtu mwingine, akakosea anwani. Shuleni tukigawana timu za mpira, wenye mashati na wasio na mashati, nilikuwa tayari kumbeba nahodha mgongoni ili nibaki na shati langu. Na wewe mwenyewe, siku za mwanzo za ndoa yetu, ulisema ningezaliwa mwanamke ningenyonyesha mapacha na mtoto wa jirani juu. Ulicheka mpaka shangazi akagonga ukuta. Sikukasirika, kwa sababu ulicheka huku umelaza kichwa chako hapo hapo.

Huku fulana moja haitoshi. Jasho likiilowesha, zinasimama mbele kama vifungo vya koti. Nauza fulana kwa jumla, wateja wanakuja mpaka kutoka Songea, na sijaona mteja wa fulana anayenishinda.

Basi kila nikitoka uani, mazungumzo yanakatika. Mmoja anakohoa. Saidi, fundi magari wa mtaa wa Gerezani anayekaa chumba cha mkabala na changu, anasema, "Karibu Mangi, kaa." Huku kila Mchaga ni Mangi, awe na duka au awe amefukuzwa stoo. Nikikaa, wanaanza kusifu barabara za mji. Nikiondoka, nasikia kicheko. Nikasema basi, wameshaziona. Nikaanza kuoga kabla hawajarudi kazini na kula chumbani nimefunga mlango, nikiwasikiliza kupitia dirishani kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Zilikuwapo jioni ambazo sauti ya mwisho iliyoniita jina ilikuwa ya tajiri, akiuliza ufunguo uko wapi.

Halafu nikaona kwenye gazeti, moja ya haya mapya yanayozaliwa kila wiki, ukurasa wa kumwuliza daktari. Mama mmoja aliuliza kama chuchu zilizorefuka kwa kunyonyesha zinaweza kupunguzwa. Akajibiwa kwamba zinaweza, ni upasuaji mdogo tu. Mke wangu, niliusoma ukurasa ule kama mfungwa aliyepata barua ya kufunguliwa jela.

Siku hizi madaktari wameruhusiwa tena kufungua hospitali za kwao, na mjini nikaonyeshwa mmoja, daktari wa upasuaji, juu ghorofani. Ukumbi umejaa kina mama. Nesi akaniuliza, "Mgonjwa uliyemleta yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapa imeandikwa chuchu."

"Ndiyo mimi huyo."

Akanivutia pazia akiwa na uso wa mtu aliyejaza maji mdomoni.

Daktari mwenyewe ni mzee wa Kihindi, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake cha Kariakoo kuliko changu. Hakucheka. Alinibonyeza huku na huku akiuliza: zimekua karibuni? Moja au zote mbili? Zinatoa majimaji? Kuna uvimbe nyuma yake? Nikamwambia nimezaliwa nazo, hazijawahi kunifanyia lolote zaidi ya kunitangulia.

"Ingekuwa moja imebadilika ghafla ningekuwa na wasiwasi," alisema. "Na kungekuwa na nyama imevimba nyuma, upasuaji wake ungekuwa mwingine. Wewe huna ugonjwa. Una chuchu tu."

Akanielezea kwa kidole gumba chake, maana nilimwomba aeleze polepole. Ikiwa tatizo ni urefu, anaweza kukata ncha ya juu na kushona. Au anatoa pete ya ngozi shingoni pa chuchu, kisha anaisukuma chini na kuishona, ile ncha yenyewe haiguswi. Ikiwa tatizo ni unene, anatoa kipande pembeni kama unavyokata embe, halafu anaunganisha pande mbili. Kwa kina mama wanaotaka kunyonyesha tena anapendelea ile ya pete, kwa sababu njia za maziwa zinabaki salama zaidi, ingawa haweki ahadi.

"Wewe hutanyonyesha?" akaniuliza.

"Sina mpango huo, daktari."

"Basi tuna uhuru."

Ni sindano ya ganzi, mtu yuko macho, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Bandeji siku kadhaa, na kubeba makatoni mwiko mpaka kidonda kipone. Nilikuwa nimeshavaa shati nikiona shida zangu zimekwisha, ndipo akasema nikae kwanza. Kidonda kinaweza kuota usaha. Kovu litabaki, na kwa ngozi zetu kovu wakati mwingine linavimba. Zinaweza zisilingane. "Na zinaweza zisihisi tena kitu," alisema. "Kuna watu hawajali. Kuna watu wanajali sana. Mke wako anasemaje?"

Nikasema sijamuuliza.

"Nani amekuambia ni kubwa?"

Nikataka kumtajia majirani, nikakumbuka hakuna hata mmoja aliyewahi kutamka. Akanipangia upasuaji Jumamosi.

Ilikuwa Jumanne hiyo. Alhamisi jioni, umeme umekatika, natoka bafuni nimeshavaa fulana zangu mbili na shati kama kawaida, koridoni giza. Saidi anakuja na birika la chai ya tangawizi, limetoka motoni. Tukagongana kifua kwa birika.

Mama Neema, aibu ni kitu cha mtu aliye mkavu. Nilikimbilia bombani uani nikilivua shati, nikalirarua, nikavua fulana ya kwanza, nikavua ya pili, nikaingiza kifua chini ya maji. Bi Mwanaidi akaja na kandili. Nilipoinuka, nyumba nzima ilikuwa imenizunguka, wananitazama.

Saidi ndiye aliyeanza. "Kumbe hana."

"Hana nini?" nikauliza, meno yakigongana.

"Bastola."

Sikuelewa. Akaniketisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akanieleza huku Bi Mwanaidi akinimwagia maji kwa kata. "Mangi, tusamehe. Joto lote hili, wewe shati mpaka kooni, na chini umevaa tena. Ukija unakaa kimya, unasikiliza tu. Tukasema huyu ni usalama, kaletwa kutusikiliza, na pale kifuani kuna chuma."

"Mie nilisema hirizi," alisema Bi Mwanaidi.

"Tumeisifu serikali mpaka mate yametukauka," alisema Saidi. "Hata huu mgao wa umeme tumeusifu kwa ajili yako. Ukiingia ndani ndio tunapumua, tunacheka."

Kumbe kicheko nilichokuwa nakisikia dirishani ni cha watu walionusurika na mimi.

Nikafikiri imekwisha. Lakini Bi Mwanaidi akaisogeza kandili karibu kuangalia nilipoungua, akasita. "Na hizi je? Ndizo ulizokuwa unazifunika?"

"Ndizo, mama."

"Mwanangu, mie nimelea sita na sikuzipata hizi."

Wakacheka, mke wangu. Walicheka mpaka mmoja akalala chini kwenye sementi. Kicheko nilichokikimbia tangu shuleni kilinijia chote kwa mkupuo, na sina hata taulo la kujisitiri. Nikakaa nikingoja kitu kibaya kifuate. Hakikufuata. Saidi alijifuta machozi, akasema chai imemwagika yote, akarudisha maji motoni. Kabla hayajachemka walikuwa wamerudi kwenye mpira, na kijana mmoja ananigombeza kwa nini sisukumi kete.

Nilikaa kifua wazi jioni ile, upepo ukanipita mahali ambapo haujapita tangu nije mji huu. Ningekuandikia kwamba upweke wangu umeishia hapo, lakini hujazoea kudanganywa na mimi. Nilipoingia chumbani ndipo uliponikalia vizuri. Walinicheka vile vile ulivyonicheka wewe. Ila walipomaliza kucheka, hakuna aliyelaza kichwa.

Jumamosi nilikwenda kwa daktari kuonyesha kuungua. Ni kwa juu juu, usiogope, alisema yale maji ya bomba yamenisaidia kuliko dawa ya meno aliyotaka kunipaka Bi Mwanaidi. Lakini hawezi kupasua ngozi iliyoungua, nirudi ikishapona. "Chai imekupa muda wa kumuuliza mkeo," alisema.

Ndiyo nakuuliza. Sitakuficha, bado nazitamani zile ndogo ndogo za Saidi zinazolala kifuani kama watu wenye adabu. Fulana ya pili nimeiacha, ya kwanza bado sijapata moyo. Lakini lile neno la zisihisi tena nimelala nalo siku zote hizi. Kama kichwa chako kitakuja kulala hapa tena, nataka nijue kwamba kimefika. Ukisema zikatwe, nitakwenda kwa amani, maana utakuwa umenionea huruma ya joto. Ukisema ziachwe, Bi Mwanaidi na nyumba yake wataendelea kuniburudikia, nimeshawazoea.

Msalimie mama, mwambie goti alikande. Msalimie kaka yako mwinjilisti, lakini hii habari usimpe hata kama ombi la maombi. Neema mpe kitenge kilicho kwenye mfuko anaoleta kondakta wa basi, umwambie baba anauliza hesabu zake. Mke wa jirani mpe chumvi.

Na jibu, Mama Neema, usimpe Neema akuandikie. Mwandiko wake ni mzuri, umenyooka kama wa serikali, na tangu ajifunze kuandika sijauona tena wa kwako. Niandikie wewe, kwa zile herufi zako zinazoegemea nyuma kama mtu anayemvuta mbuzi. Hata kama ni neno moja tu, kata au acha. Nitakaa nalo uani, mbele ya watu wote, nilisome.

Mumeo, ambaye jioni hii anaandika na fulana moja,

Baba Neema