Barua ya Kihara Kuhusu Moto wa Uani

Kawangware, 9 Juni 2025

Shemeji Syombua,

Kuna barua yako ambayo nimeificha miaka sita.

Habari za huko Soweto East? Magoti yanaendeleaje? Kwangu dawa zimeacha kusaidia, na daktari ameacha kunidanganya. Ningekupigia simu, lakini najua ningeishia kuongea habari za mvua.

Kihara, mwenye ploti tuliyokuwa tumepanga sote, alikuandikia kwa Kiingereza kuhusu ule moto wa kuni uliokuwa ukipikia muthokoi, yale mahindi yako ya kukobolewa, ya kuuza. Uliniletea nikusomee kwa sababu mimi ni mwalimu. Nikakuambia amepiga marufuku moto uani, nikabaki na karatasi. Wewe ukahama mwezi huohuo.

Haikusema hivyo. Ilisema upikie nyuma ya tangi la maji, uweke ndoo ya mchanga karibu, uzime kabla ya saa mbili usiku. Basi. Nimeiweka humu, mwanao Wanza akusomee.

Shemeji yako,
Nzuki

Soweto East, 20 Juni 2025

Shemeji,

Salamu nimepata. Magoti bado yananibeba. Wanza amenisomea ile barua mara mbili, ya tatu nikamwambia wacha.

Ndoo ya mchanga tu, mwalimu? Huku nilikokimbilia ndiko kuna sheria uliyonisomea: hakuna moto wa kuni, iwe chini ama kwenye ngazi. Nilipojaribu, keateka anayesimamia hizi ghorofa alimwaga maji kwenye sufuria wateja wakiangalia. Nikaacha biashara. Sasa nafulia watu nguo Ayany, na haya magoti. Na kila nilipokuambia nimechoka, ulinipa pole.

Filister wa mlango wa pili nilimnunia bure? Nilijua ni yeye aliyenishtaki kwa Kihara, kwa vile aliwahi kulalamikia moshi. Mumewe alipokufa sikukanyaga matanga.

Nimefikiria wiki nzima. Labda moshi ulikuwa unakukohoza, na kwa vile Mutinda alikuwa ametuacha juzi tu, ukaona vibaya kugombana na mjane wa ndugu yako. Kama ni kifua, sema ni kifua. Mgonjwa namwelewa. Nitakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi nikupikie uji, tuombe pamoja, yaishe.

Mke wa ndugu yako,
Syombua

Kawangware, 25 Juni 2025

Syombua,

Barua yako imenikuta ningali napumua, ingawa kushika kalamu ni kazi. Umeniachia pa kupitia, na kwa siku mbili nilitaka kupita hapo. Lakini kifua changu wakati ule kilikuwa kizima.

Kabla hujawasha ule moto, watu wa ploti walikuwa wakija kwangu kila jioni. Walileta barua za shule, kesi zao, hata ugomvi wa maji. Ulipoanza kupika wakahamia kwako. Filister alitoa kiti chake, nikamsikia kupitia ukuta akikutania, “Mama Wanza, leo umetuwekea mahindi ama mawe?” Mkacheka wote. Mwezi ukaisha bila mtu kubisha mlango wangu. Miaka thelathini ya chaki, na nimeshindwa na sufuria. Ndivyo nilivyojiambia.

Uji usipike. Jumapili, ukifika Kawangware, ingia kwa Filister, hata kama kwangu hutaingia. Hakusema neno lolote juu yako. Kihara alijua kuna moto kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikia, nikimwomba akufukuze.

Nzuki