Kutua Hukunifundisha

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivyo, lakini nikianza bila shikamoo mkono unakataa kuandika.

Ndege yako nimeirusha. Nakwambia mapema ili usisome kwa wasiwasi. Ni ile uliyoichonga kwa yale makasha meupe mepesi yanayokingia friji mpya, ukaiunga kwa gundi, ukaifungia mota na betri, kisha presha ikakuangusha gereji kabla haijapaa hata mara moja.

Unakumbuka tulivyoanza? Kompyuta chakavu, programu ya kurusha ndege, na wewe, fundi wa malori wa Shelui, unanawa grisi haraka haraka ili uwahi safari. Mama alikuwa akicheka: "Mzee mzima na gemu!" Tuligawana kazi, mimi napaisha, wewe unatua. Miaka minne hukuniachia kutua hata siku moja. "Kupaa ni kwa vijana, kutua ni kwa watu wazima," ulisema, huku unanisukuma nitoke kwenye kiti. Hata upepo uliuzima humo kwenye kompyuta. Ulisema wa Singida tunao wa kutosha nje, humo ndani tupumzike. Nilicheka. Ningejua, ningebisha.

Siku ya kugawa vitu vyako, kule Misigiri tulikokuzika, makoti yalipata wenyewe, spana zikapata wenyewe, baiskeli nusura iletee watu ugomvi. Ndege ikabaki juu ya mkeka. Shangazi ndiye aliyeniwekea mapajani, pamoja na rimoti yake. Akaniambia kitu cha marehemu hakifungiwi. Kisipotumika, mwenyewe hurudi kukiulizia.

Nikaifungia. Niliiweka juu ya kabati chumbani kwako, nikazungusha ufunguo.

Ukaanza kuja. Alasiri, saa ileile uliyozoea kurudi kutoka gereji, kiti chako kinalia ndani kwa uzito wa mtu. Kisha kile kikohozi chako kifupi cha kabla ya kuwasha kompyuta. Siku moja nilifungua nikakuta mkia wa ndege umeelekea dirishani, na mimi niliuacha umeelekea ukutani. Labda Mama aliingia kufuta vumbi, maana ana ufunguo wake. Sikumuuliza. Niliogopa atakataa, Baba.

Nikahamishia kompyuta sebuleni, nikajifundisha kutua. Nilianguka mpaka nikazoea. Kule ndege ikivunjika unabonyeza kitufe inafufuka, unaikuta mwanzo wa njia inakusubiri. Nilikibonyeza kitufe kile mara nyingi mno, siku nyingine hata bila kuitazama ndege. Ulijua nilichokuwa nataka kifufuke.

Jumamosi iliyopita nikaibeba mpaka shambani, alizeti zimekwishavunwa. Mama alinifuata, akakaa kwenye tuta. Niliirusha kwa mkono na ikapaa, Baba! Ilikuwa ikilia kama cherehani ya Mama. Halafu upepo ukaikamata, ule tuliouzima. Nikaigeuza irudi, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kwenye kompyuta nilikuwa nimekaa ndani ya ndege, kushoto kwake ni kushoto kwangu. Sasa nimesimama chini, inanijia uso kwa uso, naiambia kushoto inakwenda kulia kwangu. Kila nikisahihisha nazidi kukosea. Ilikuwa inaelekea kwenye lile jiwe kubwa la mpakani, na mimi ndiye niliyekuwa naipeleka.

"Mpe mgongo."

Sijui kama nilikumbuka au nilisikia. Hivyo ndivyo ulivyowaambia mafundi wako wakiingiza lori gereji. Wengine humkabili dereva na kumchanganya kwa mikono. Wewe ulimtangulia ukiwa umempa mgongo, unamchungulia juu ya bega, ili kushoto kwako kuwe kushoto kwake. Watu walisema ipo siku utakanyagwa.

Nikaipa mgongo ndege yako. Nikaichungulia juu ya bega, na kushoto kukarudi kuwa kushoto. Ikaliacha jiwe. Nikaielekeza upepo unakotoka, nikapunguza mota, nikaishusha. Ilitangulia pua kwenye mabua, pangaboi likakatika. Lakini ilitua. Mama akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akaibeba yeye mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo hujaja. Nimekaa chumbani kwako alasiri tatu, mlango wazi. Kiti kimya, kikohozi hakuna.

Basi nikiri. Watu wote niliwaambia naogopa kuivunja. Uongo. Nilijua nikiirusha hutakuwa na cha kuulizia, nikaifungia makusudi ili uje. Nilikuogopa, na bado kila alasiri nilikuwa nakusubiri.

Nisamehe kwa kukutembeza njia yote ile kutoka Misigiri. Pangaboi jipya nitalitafuta. Nakuahidi nitairusha kila Jumamosi na kuitua mwenyewe, upepo uwe wowote, usiwe na sababu ya kurudi tena. Kwaheri, Baba. Sijapata kumfukuza mtu nyumbani kwetu. Wa kwanza ni wewe, mwenye nyumba.

Mwanao,
Neema