Timu Niliyompokonya Mwenyekiti

Jumanne, Kitengela. Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi la malori limeingia hadi kwenye chai. Nina furaha mbaya leo, na sitaki mtu aniombee.

Nimemlipiza kisasi Mwenyekiti.

Huyu ndiye aliyenunua timu yetu ya hoki ya barafu, timu ya kulipwa, akaihamisha kutoka Nairobi hadi hapa. Uwanja wa barafu alituwekea ndani ya ghala lake. Mimi ni kipa. Niliacha kazi Ngong, nikahamisha watoto shule. Akanifanya pia katibu wa klabu, eti nina mwandiko mzuri.

Timu iliishi miezi minane. Jumamosi moja tulifika kwa mechi, viatu vya kuteleza begani, tukakuta maji ya vifundoni na viti vya plastiki vimepangwa ukutani. Mwenyekiti alikuwa amezima mitambo ya kugandisha ili ghala litumike kwa harusi. Timu ya wageni ilisimama mlangoni ikitutazama. Nilimuuliza mbona hakutuambia.

"Si mtagandisha ingine Monday? Maji ni maji."

Barafu ya kuchezea hugandishwa tabaka kwa tabaka, siku nyingi. Harusi zikafuatana, barafu haikurudi. Halafu akasimama kanisani akasema timu ilikufa kwa sababu ya uvivu wetu. Mume wangu alikuwa benchi la nyuma yake. Hilo ndilo sijamsamehe.

Wiki jana alinipigia simu. Amepata mtu wa Nakuru wa kununua jina la timu na vifaa, ila ofisi ya kaunti inataka kuona kitabu cha kumbukumbu za mikutano.

"Leta tu hicho kitabu, Nafula. Ni formality."

Nimekipeleka ofisi ya kaunti, Kajiado, leo, nikiwa nimevaa jezi.

Sisi watu wa vyama tunajua mambo haya. Mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, katibu anaandika, mwenyekiti anatia sahihi, watu wanakula. Mwenyekiti wetu alikuwa akitia sahihi bila kusoma, macho yakiwa kwenye sufuria ya pilau. Leo afisa alisoma kwa sauti kumbukumbu za mkutano wetu wa kwanza Kitengela. Katibu alipendekeza, nahodha akaunga mkono, ikapita: barafu ikikosekana mwezi mzima, jina na vifaa vyote vitakuwa mali ya wachezaji.

"Hiyo sikuiona," Mwenyekiti akasema.

"Lakini hii sahihi ni yako, mzee?"

Alivuta kitabu karibu, akakitazama. "Ni yangu."

Nilitamani akane, maana nilikuwa nimekunja kona za kurasa nyingine tatu zenye sahihi yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini nakiri nilimsukuma kidogo. Na nilifurahi kuona jasho lake.

Kufikia saa kumi vifaa vilikuwa kwangu. Magongo yamejaa sebuleni, helmeti ziko juu ya kabati, na wavu wa goli umeziba mlango wa jikoni. Nikampigia nahodha, ambaye siku hizi anauza vioo vya madirisha.

"Tuko na timu?" akauliza.

"Tuko nayo yote."

"Sawa. Tunacheza wapi?"

Niligeuka nikautazama wavu mlangoni. Miezi yote hii nimekuwa nikipanga kumpokonya Mwenyekiti timu. Kucheza sikuwa nimekupanga hata siku moja.

Je, mimi na Mwenyekiti tunatofautiana wapi?