Kuku wa Friza na Fundi wa Angani

Nyumbani kwa mama yako,
Chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye bado yu hai ingawa wapo waliotarajia vinginevyo. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Na huyo binti yenu, ameacha kulia usiku au bado mnalala kwa zamu? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake.

Uliniomba nikuambie ukweli kuhusu mkono wa mama yako, kwa kuwa yeye kwenye simu hujibu "sijambo" basi. Haya, kaa kitako. Ukweli wenyewe unapitia kwenye lile gemu lako uliloliacha kabatini.

Tangu kiharusi kimpate, mkono wa kulia ulikuwa umelala. Yule dada wa mazoezi wa hospitali alisema chochote kitakachovichezesha vidole ni dawa. Mpira wa kuminya mama yako aliukataa, akasema yeye si mbwa. Ndipo nikalitoa gemu, lile la chombo cha angani kilichobeba watu waliogandishwa, wanapelekwa nyota nyingine. Kidude cha kubonyeza ni kimoja, tukakishika wawili kama watu waliobeba sufuria ya moto: kushoto mimi, natembeza, kulia yeye, anafungua milango na kupiga risasi. Mwanzoni nilikuwa namsukumia kidole gumba. Kila tulipokufa alisema nimemuua mimi.

Tukafika mwisho. Unaukumbuka: injini imezimika, wanamwamsha fundi wa kike aliyelala kwenye barafu miaka mia mbili, naye anainuka, anashika spana, anakaza, chombo kinawaka, watu wote wanapona. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikasema mimi nimetengeneza friji tangu ndevu zianze kuota, na sijaona kuku aliyetolewa kwenye friza akaomba spana.

"Kwa hiyo kilicholala hakiamki," mama yako akasema.

"Hakiamki, Dada. Kinapikwa."

Ulimi wangu huu nafikiri uliumbwa siku ya haraka. Nilipomtazama, mkono wake ulikuwa mapajani kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Akaniambia nizime mashine.

Kuanzia hapo akagoma mazoezi. Nikamwambia nilikuwa natania. Akanijibu, "Wewe ni fundi, unajua unachosema." Maisha yangu yote nimemsihi aniite fundi, akaichagua siku hiyo. Kisha akamwita yule mshonaji jirani aje kuichukua moja kwa moja ile cherehani ambayo mama yako ameshonea miaka yote.

Sasa, kumwonea huruma mama yako ni kujitafutia matusi, unamjua. Nikaona heri nirudi kwenye ubishi. Nikawasha gemu, nikasema nataka kuuona ule mwisho tena nimwonyeshe uongo ulipo. Tatizo ni kwamba peke yangu siwezi: nikishughulika na kushoto, kulia kunanishinda. Nikalipuka. Nikalipuka tena. Yeye kakaa pale, kanuna, anavumilia, anashindwa kuvumilia.

"Fungua mlango, we mzee."

"Kitufe kipi?"

"Toa mkono wako hapo."

Akashika upande wake, akabonyeza. Sikumsukumia kidole, mpwa wangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye kikombe cha chai.

Fundi wa barafu alipoinuka, mama yako akawa anamwangalia vidole tu, namna mshonaji anavyoangalia mshono wa mwenzake. Nikairudia hoja yangu ya kuku, kwa sauti ya chini safari hii. Akasema, "Kuku hana safari. Huyu ana watu wanamsubiri."

Nimebishana na wateja, na mafundi, na marehemu mke wangu, na sijawahi kukubali kushindwa. Siku hiyo nilimmiminia dada yangu chai.

Mshonaji jirani alipokuja, mama yako akamuuliza nani kamwambia cherehani inatoka humu ndani. Masikini, aliondoka na chai tumboni na aibu usoni. Tangu hapo, kila asubuhi mama yako anashona kipande cha shuka kuukuu, anakifumua, anakishona tena. Mshono umepinda kama njia ya mlevi. Mkasi bado haujamkubali, na vifungo vya gauni namfunga mimi huku nikitukanwa. Lakini mkono umeamka, na unakwenda. Huo ndio ukweli ulioutaka. Usiache kazi ukaja mbio. Njoo likizo, kwa utulivu, na uje na kidude cha pili, maana siku hizi ananisukuma.

Siri yetu wawili: ule mwisho bado hauwezekani. Ila nimeshashindwa, na sina mpango wa kukata rufaa.

Msalimie mkeo, na kaka yako dereva wa malori akipita huko. Mtoto mbusu kwa niaba yangu. Mungu awalaze vizuri nyote na awaamshe salama.

Nafasi ya chini nimeiacha kwa amri. Kuna mtu ameniambia nikimaliza nimpe kalamu, niondoke mezani.

Wako akupendaye hata unapokosea,
Mjomba

Mwanangu, huu ni mkono wa kulia. Jina lako ni refu, naanza na langu.
Mama