Nguzo ya Kati

Nyumba Na. 7,
Barabara ya Karakana,
14 Agosti

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Kifua kimepoa, au baridi bado inakuchezea? Sisi tu wazima, kwa uzima wa siku hizi. Mama anakula kidogo kidogo. Mwanangu anaota meno, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka: mkono mmoja naandika, mwingine nabembeleza.

Rambirambi zako tulizipata. Baba tulimzika wiki tatu zilizopita, na mafundi wake ndio waliobeba jeneza. Msimamizi wao, yule mwenye kitambi, analia huku anaamuru, "Taratibu jamani, Mzee Milimita hapendi kitu kiende upande!" Watu wakacheka makaburini, kaka. Hata Mama.

Unakumbuka alivyokuwa akitukatia mkate kwa rula? Alitoka kwao Ugiriki na sanduku moja na bikari ya kuchorea, akajifunza lugha yetu kwa vibarua, matusi yakitangulia. Lakini kuhesabu, alihesabu Kigiriki mpaka mwisho. Hospitalini nilimkuta anahesabu matone ya dripu, midomo inacheza tu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Nasikia unasema Baba amekufa na kinyongo nawe. Siku ile ulipomwambia mbele ya mafundi kwamba amekosea hesabu ya nguzo ya kati ya daraja lake, akakufukuza ofisini, nilikuwepo, nimeshika birika la chai. Hesabu zako zilikuwa sawa, lakini mdomo wako nao! Miaka minne hakuna aliyemwandikia mwenzake. Wabishi wa kutupwa, nyote wawili.

Usilolijua ni hili. Ile nguzo aliivunja, akaijenga upya kwa hesabu zako.

Na unaijua desturi yake: lori la kwanza lenye mzigo likivuka, yeye husimama chini ya daraja, peke yake. Hakuwahi kumruhusu mtu mwingine asimame chini ya hesabu zake. Basi siku ya kufungua daraja hili alimchukua mwanangu, wa miezi miwili, akaingia naye chini. Nikamfuata mbio. "Baba, mtoto huyo!"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. "Kwa hesabu zangu nisingemleta," akasema. "Hizi ni za Sentimita."

Bado alikuita hivyo, kama mafundi walivyokubandika ulipompita urefu.

Nikabaki. Lori likapita juu yetu, vumbi likadondoka, mtoto akapiga chafya. Baba akacheka mpaka akakohoa.

Nilimwambia akuandikie. Akanikataza nisikuambie neno, atakuandikia mwenyewe, kesho. Kila siku kesho. Nami nikamsikiliza, na hilo unisamehe.

Juzi nilipanga meza yake, nikaukuta mchoro wa daraja. Penye nafasi ya mhakiki wa hesabu ameandika jina lako kamili, kwa wino. Mahali pa sahihi pameachwa wazi.

Mama anakusalimu, na mume wangu, na mjomba seremala, ambaye amekataa kuigusa meza ya Baba mpaka uione. Mungu akulinde njiani. Nasema njiani, kaka, kwa sababu mchoro huu siutii posta. Njoo utie sahihi yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna.