Wodi si hoteli

Mwanangu,

Ukitoka zamu usishtuke kukuta kitanda kitupu. Mkeo na mtoto wamerudi wodini, nami nimepitia hapa nyumbani mara moja kuchukua nepi. Uji uko kwenye chupa, kunywa kwanza. Usije, wageni hawaruhusiwi kabla ya saa kumi. Hapana, maneno hayo nimeyakata. Njoo tu, mlinzi nimeshaongea naye.

Asubuhi aliniambia kichwa kinamgonga na anaona vimulimuli. Nikamjibu ni usingizi, kila aliyejifungua juzi huwa hivyo. Akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikonitoa kitini. Nilipompima, presha ilikuwa imepanda vibaya. Miaka ishirini na sita ya ukunga, na nikarudia kupima mara tatu kama mwanafunzi.

Wameshamchoma dawa. Nimeondoka presha inashuka na mtoto ananyonya.

Sasa lisikie kwangu kabla hujalisikia kwake. Jana aliomba alale wodini siku moja zaidi. "Mama, sijisikii sawa." Nikamwambia mbele ya wenzake, "Wodi si hoteli. Nyumbani una mkunga wako mwenyewe." Akaona haya kunibishia, akafunga mzigo. Kumbe mimi nilichoogopa ni watu kusema mkwe wa mkunga anadeka.

Nimemwomba radhi. Kasema, "Yamepita, Mama," lakini hakunitazama.

Mletee chaja na ndala zake. Siku ya kurudi nyumbani wataipanga yeye na daktari. Mimi nitabeba mfuko.

Mama